Wamama wa Flint hawakuwa wapishi wa mgomo



Kila mara tunasikia ile maneno: "Mgomo ni mambo ya wanaume, wamama watasaidia kwa chakula." Ni uongo! Historia ya viwanda vya magari iko wazi.

Tarehe 30 Desemba 1936, kule Flint, Marekani, wafanyakazi wa General Motors waliacha kazi lakini hawakutoka. Waliketi ndani ya kiwanda, kando ya mashini, ili patroni asilete watu wengine pa fasi yao. Wanawake pia walikuwa wanatumika mule, wakishona viti vya magari. Hao waliambiwa warudi nyumbani. Sababu? Ati wakilala ndani pamoja na wanaume, watu watasema vibaya juu ya mgomo. Wenzao wenyewe njo waliwatoa.

Lakini tarehe 11 Januari 1937 polisi walishambulia kwa gazi ya machozi na risasi. Genora Johnson, binti wa miaka 23, alishika kipaza sauti, akaita wamama waliokuwa wanatazama wateremke. Wakateremka, wakapita katikati ya polisi. Kisha akaunda Kikosi cha Dharura cha Wanawake, kofia nyekundu kichwani, fimbo mkononi. Tarehe 1 Februari, wanaume walipokuwa wanapigwa na gazi ndani ya kiwanda namba 9 cha Chevrolet, hao wamama walivunja vioo ili hewa iingie. Wakati walinzi wako bize pale, wagomaji wakakamata kiwanda namba 4, kile cha injini. Siku kumi tu, General Motors ikakubali kuongea na sendika.

Na malipo ya wamama? Mshahara wao ulibaki chini ya ule wa wanaume. Miaka 31 baadaye, wanawake 187 wa Ford kule Dagenham, Uingereza, nao washonaji wa viti, walilazimika kugoma juu ya jambo lile lile. Sheria ya malipo sawa ilipatikana 1970. Ufundi wao wenyewe ulitambuliwa 1984, kisha mgomo mwingine!

Kwa hiyo, ndugu yangu, kama kazi ya kwanza unayompa dada ni kuleta maji, unamsaidia patroni. Na kama ushindi wako unamwacha nyuma, haujashinda.

Dada, usingoje kupewa kipaza sauti. Kichukue!