Barabara ya Mombo na Deni Letu



Kila mwenzetu apatapo uhamisho kwenda Lushoto, barua yake ya kwanza huwa ni sifa za barabara. Hutuandikia jinsi motokaa iondokavyo Mombo katika joto la nyika, ikapanda kwa kujipinda, mwamba upande huu na korongo upande ule, hata ikafika kwenye maporomoko ya maji ya Soni na baridi ikaanza kumwingia kifuani. Safari yenyewe yapata kilometa 33 tu, lakini msafiri huona kana kwamba ametoka nchi moja akaingia nyingine. Sifa hizo ni za haki, wala hatuzipingi. Ila wahenga walisema, aisifuye mvua imemnyea. Je, sisi tuisifuye barabara hii, imetunyea?

Tangu kale Wasambaa huigawa nchi mara mbili: Shambaai, yaani mlimani kwenye migomba na maji, na nyika, kwenye joto na ukame. Na zama Wakilindi walipotawala kule Vuga, mfalme alipimwa kwa maneno mawili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi hata mvua inyeshe na watu washibe, na kubana shi, yaani kuiharibu. Twaona yafaa barabara nayo ipimwe kwa kipimo hicho hicho.

Kwa upande mmoja imeiponya nchi. Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na barabara ikaufungulia mlima njia ya kuifikia. Hata leo kabichi, viazi na matunda hushuka kwa malori kwenda mijini, na karo za watoto zimo ndani ya matenga hayo. Mgonjwa hushushwa kwa barabara hiyo, bibi arusi hupandishwa kwayo, na kijana aendaye kutafuta kazi huagwa kandoni mwake. Kwa mtu wa mlimani barabara hii ni mlango wa nyumba yake.

Lakini upo upande wa pili. Katika zama za Wadachi, Lushoto ilipoitwa Wilhelmstal, watu wa wilaya ile walianza kupewa kadi mwaka 1907. Kila mwanamume alilazimishwa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi 4, na asiyeitimiza kadi yake aliweza kutwaliwa kwa kazi za serikali. Ndizo zama barabara za milima hii zilipoanza kuchongwa. Majina ya mabwana wakubwa wa siku zile yamo vitabuni. Ya walioshika sururu hayamo.

Hilo ndilo deni letu. Sisi makarani huandika kila siku mambo ya watu wengine: kodi zao, mashauri yao, mizigo yao. Tumeshindwaje kuandika habari za waliotuchimbia njia tupitayo? Huenda mtu akasema kwamba kazi hiyo ni ya wataalamu. Twamjibu kuwa mtaalamu hukaa mbali, na mzee hamngoji. Waliochimba wamekwisha kufa. Wajukuu waliosimuliwa nao ndio wazee wa leo, na hao nao wanapungua.

Kwa hiyo twatoa shauri. Kila mwanachama aliyeko Mombo, Soni au Lushoto na amtafute mzee mmoja, amwamkie kwa adabu, aketi chini, amwulize: Babu yako alisimulia nini juu ya barabara hii? Alilipwa nini? Kona hii yaitwaje, na kwa nini? Ayaandike majibu kama yalivyosemwa, bila kuyapamba, kisha amletee Katibu nakala, na nyingine aiache kwa jamaa ya mzee huyo.

Kazi hiyo haihitaji fedha, ila kalamu na jioni moja. Nasi makarani tusingoje kukumbushwa na mtu kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.