Lifti ya mlevi si ya bure

Tuambiane ukweli, wasee. Wengi wetu tunaosoma ukurasa huu hatuna magari. Kwa hivyo tukisikia habari za kuendesha gari ukiwa mlevi, tunadhani wanaambiwa mabosi wenye magari makubwa. Zii. Habari hii ni yetu pia. Gari likitoka klabu usiku, dereva ni mmoja, lakini abiria wanaweza kuwa wanne. Hao wanne ndio nataka kuongea nao leo.

Unajua mambo yanavyokwenda. Ni Jumamosi, saa nane usiku. Nauli ya mathree imepanda, na pesa za teksi zimeishia kwenye chupa. Halafu kuna yule beshte mwenye Vitz. Kila mtu amemwona akijikwaa akitoka msalani, lakini hakuna anayefungua mdomo, kwa sababu atakayeongea huenda akakosa lifti. Badala yake tunamsifu: "Huyu akishika usukani, pombe humtoka yenyewe!" Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Dereva mlevi akisifiwa, huongeza mwendo.

Tangu operesheni za alkoblo zishike kasi mwishoni mwa 2013, tumekuwa wajuaji wa kukwepa. Jumbe zinaruka kwenye WhatsApp: polisi wako hapa, pitia kule. Ni kweli sheria ni kali. Ukipatikana na hatia unaweza kutozwa faini ya hadi Sh100,000, kufungwa hadi miaka miwili, au vyote viwili. Lakini ukishakwepa polisi, bado umelewa. Kilichobadilika ni kwamba sasa uko njia ya ndani isiyo na taa, ambako watu wanatembea.

Hapo ndipo roho inaniuma. Miaka ya hivi karibuni, zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifa kila mwaka katika barabara za Kenya, na kundi kubwa zaidi ni la watembea kwa miguu. Fikiria soja anayetoka zamu ya usiku, au mama anayewahi bidhaa sokoni alfajiri. Hawakuwa kwenye sherehe yenu. Hawakuonja hata tone.

Na usidanganywe na supu, kahawa nyeusi au kujimwagia maji baridi. Vitakuamsha, lakini havitoi pombe kwenye damu. Kazi hiyo ni ya ini, na ini halina haraka. Bia moja ya nusu lita huchukua takriban saa mbili kuisha mwilini. Aliyeanza saa mbili usiku na kumaliza chupa sita, bado ana pombe mwilini saa moja asubuhi, hata kama amelala na kuoga. Kumbuka pia kwamba gari lililo kwenye kasi ya kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Mlevi huchelewa kuona, huchelewa kuamua na huchelewa kukanyaga breki. Mbaya zaidi, pombe humwambia yuko sawa kabisa.

Ndiyo maana mpango wa kurudi nyumbani lazima ufanywe kabla ya chupa ya kwanza, wakati kila mtu akili bado anayo. Chagueni dereva mmoja anayekunywa soda usiku kucha. Si yule "atashika mbili tu". Mchangieni chakula na soda zake, maana anawabebea roho zenu. Kama hakuna wa kujitolea, gari libaki nyumbani. Changeni pesa za teksi mapema na mmoja azitunze, au mwombeni mwenye keja awatandikie godoro sebuleni.

Na kama mmeshachelewa kupanga? Usimfokee dereva mbele ya watu. Mlevi akiaibishwa huwa mbishi. Mwambie tu: "Boss, sisi tunachukua teksi, twende pamoja, gari utalifuata kesho." Wanne mkikataa kupanda, ni vigumu aondoke peke yake. Akikazana, chukueni funguo. Atanuna, huenda hata asiwaongeleshe wiki nzima. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Na msiruke kutoka kwa dereva mlevi mkapanda nduthi ya mwendeshaji anayenuka pombe.

Tunapenda kusema hatuna nguvu katika nchi hii, kwamba kila kitu kimeamuliwa na wakubwa. Hapa nguvu tunayo. Mwenye Vitz anaendesha akiwa amelewa kwa sababu kuna watu wanaomfungia mlango, kumwekea muziki na kumwambia "twende." Siku tutakayokataa kupanda, ataangalia viti vitupu na kuanza kujiuliza maswali.