TUNUNUE TRENI, TAA TUTATENGENEZA SISI WENYEWE

Wandugu wanafunzi, na walimu wetu wapendwa,

Katika mkutano wa kundi la fizika tuligawanyika juu ya neno moja, na tunaomba nafasi kidogo tuseme mawazo yetu. Neno ni hili: feza ya kundi, ile tuliyoipata kwa kuuza karanga za shamba la shule, itanunua nini kwa meza yetu ya treni ndogo?

Wengine wanataka tuagize vyote: treni, nyumba za kuunganisha vipande, taa za barabara na taa za ndani ya mabehewa. Wengine wanasema ni mchezo wa watoto, afazali feza inunue chaki. Sisi hatuko upande huu wala ule.

Kwanza, si mchezo tu. Treni ya kipimo N ni ndogo mara 160 kuliko treni ya kweli. Behewa la metre 20 linakuwa na sentimetre 12 na nusu. Njia yake iko na upana wa milimetre 9, kwa maana njia nyingi za Ulaya ziko na milimetre 1435. Gawanyeni kwa 160, mtaona. Lakini reli yetu, ile iliyofika Lubumbashi mwaka wa 1910, iko na milimetre 1067. Ukiigawanya unapata karibu 6.7, hapana 9! Wajapani nao wako na reli nyingi za 1067 kama sisi. Viwanda vyao, kama Kato, vinatengeneza treni za reli hizo kwa kipimo cha 1 kwa 150, lakini wanaziweka juu ya njia ileile ya milimetre 9. Ni pana kupita haki. Mwanafunzi aliyepiga hesabu hiyo mwenyewe hatasahau somo la kipimo.

Basi, mashini ya kuvuta na reli zake tununue. Motere ndogo vile hatuwezi kuitengeneza. Lakini nyumba, juu ya nini tununue? Zile za Ujerumani, kama za Faller, ni nzuri sana, na siku hizi ziko zingine za katoni na za mbao zilizokatwa kwa mwangaza wa leza. Lakini nyingi ni nyumba za kule, paa zimesimama juu ya teluji. Stasyo tunayoijua sisi iko na baraza na mabati. Katoni iko, mkasi uko, gundi iko. Mlango wa metre 2 utakuwa na milimetre 12 na nusu. Twende tupime, tukate.

Taa njo neno kubwa. Za leo ni LED. Ziko zenye urefu wa milimetre 1 na upana wa nusu milimetre, na waya zake nyembamba kama unywele. Wanaziuza zimekwisha kufungwa: unaunga, inawaka, na hujajifunza kitu. Sisi tulijifunza kwa hasara. Tulitoa LED mbili nyeupe ndani ya tochi iliyokufa, tukaunga moja kwa jiwe la volti 9. Iliwaka kwa nguvu, kiisha giza. Tukaunga ya pili vilevile. Giza tena! Mwalimu alicheka, akatuita ubaoni. LED nyeupe inataka volti 3 hivi. Toa 3 katika 9, zinabaki 6, na hizo lazima zibebwe na rezistansi. Kwa nyumba ndogo miliampere 5 zinatosha: gawanya 6 kwa 0.005, unapata om 1200. Kwa volti 12 za treni, ni om 1800.

Tena, treni ikirudi nyuma taa ya behewa inazimika. Kwa nini? Umeme wa reli umegeuka, na LED inapitisha umeme upande mmoja tu. Dawa yake ni diodi nne zilizofungwa pamoja, ili umeme ufike kwa taa upande uleule siku zote. Hayo yote hayaandikwi juu ya sanduku zuri la dukani.

Wandugu, faida yake tumekwisha kuiona. Taa ya kusomea ya internati ya wasichana ilikufa kabla ya mitihani. Dada wawili wa kundi letu waliifungua, wakaona waya umekatika, wakausudea. Usiku ule watu walisoma. Wangenunua taa za treni zilizo tayari, wangejua wapi?

Mtu atasema: kazi yenu itakuwa mbaya kwa macho. Ndiyo, nyumba ya kwanza itapinda. Ya tatu itasimama. Bwana Yesu mwenyewe alisema juu ya mtu wa kujenga mnara, kwamba anakaa kwanza na kuhesabu gharama (Luka 14). Sisi tumehesabu: mashini moja, mabehewa, reli, LED, rezistansi, diodi, na pasi moja ya kusudea. Feza itakayobaki ikae katika sanduku la kundi.

Tunamwomba Bwana Prefe na walimu wapime neno hili. Mwenye mawazo mengine aandike katika namba itakayofuata, tutamsoma kwa furaha.

Sisi, wanafunzi wa mwaka wa tano, kundi la fizika.