Ilani ya Walaji, Wapishi na Wahudumu wa Mwamgongo

Sisi tunaokula, tunaopika na tunaotenga chakula katika migahawa na vibanda vya mama ntilie hapa Mwamgongo, kando ya Ziwa Tanganyika, tunaanzisha harakati hii kwa sababu kijijini kwetu huduma mbaya haisemwi mezani. Mtu anapewa ugali wa muhogo uliopoa, mgebuka wa juzi na maji ya kunawa yasiyo na sabuni. Anakula nusu, analipa, anaaga kwa heshima: "Ahsante, mama." Maneno yanaanza akishapanda boti ya kwenda Kibirizi, Kigoma. Boti ikitia nanga, abiria wote wanajua habari za chakula kile, na asiyejua ni mpishi peke yake. Wiki inayofuata wali unabaki sufuriani, naye anajiuliza wateja wamehamia wapi.

Sababu ya kunyamaza tunaijua. Mpishi ni shangazi, ni jirani, ni mama wa rafiki. Kumwambia chakula chake hakifai kunaonekana kama kumtukana nyumbani kwake.

Wengine wananyamaza kwa sababu wana deni, na hili tuliseme wazi maana ndilo lenye mizizi. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wa giza na taa zao. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawafuati taa, nyavu zinaanikwa na mfuko unakauka. Siku hizo mvuvi anakula kwa daftari la mama ntilie. Mwaka 2024, uvuvi ulipofungwa Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, mvuvi asiye na shamba wala duka angemkimbilia nani zaidi ya mwenye daftari? Basi mwenye deni anaona hana mdomo wa kusema kuwa ugali una mchanga. Mpishi anayemdai naye anaona ni haki kumpa kipande cha mkia na kumwacha asubiri mpaka wenye fedha mkononi washibe. Tunayakataa yote mawili. Deni lilipwe, tena mara tu dagaa wa kwanza wakiuzwa, kabla ya bia na kabla ya shati jipya. Lakini sahani ya mkopo iwe sawa na sahani ya taslimu.

Kwa wapishi tunadai bei isemwe kabla mtu hajakaa. Iwe moja kwa mvuvi, kwa mwalimu na kwa mgeni aliyetoka kuwaona sokwe wa Hifadhi ya Gombe. Kumpandishia mtu bei kwa kuitazama rangi yake ni wizi, hata akilipa huku anatabasamu. Tunadai pia muda wa kweli. Abiria anauliza kama chakula kimeiva, anajibiwa "bado kidogo" na samaki hata hajaingia kwenye mafuta. Boti inawasha injini, fedha ameshatoa, anaondoka na njaa. Aambiwe ni nusu saa, achague mwenyewe kunywa chai na chapati.

Maji ya kunawa na sabuni hatujadiliani. Mei 2015, maelfu ya wakimbizi wa Burundi walipokwama Kagunga, kaskazini mwa hapa kwenye mwambao huu huu, kipindupindu kiliua watu kabla wengine hawajavushwa kwa MV Liemba kwenda Kigoma. Tunaoishi kando ya ziwa hili hatuna ruhusa ya kusahau. Kila kibanda kiwe na ndoo yenye koki na kipande cha sabuni, na ndoo ikiisha maji, mwenye kibanda aijaze kabla ya kupakua sahani nyingine.

Samaki aliyeanza kuharibika tunamjua. Anakaangwa mpaka anakauka, kisha anazamishwa kwenye mawese na pilipili ili harufu isisikike. Ukimgusa kwa kidole, nyama inamumunyika badala ya kuachana na mfupa vipande vipande. Mlaji akigundua hivyo, asukume sahani hapo hapo, amwite mwenye jiko pembeni na kumwambia kwa sauti ya chini: "Mama, samaki huyu hayuko sawa, naomba unibadilishie." Hiyo ni haki yake. Anayemaliza samaki mpaka miba ndipo aanze kulalamika ili asilipe, huyo hatumtetei. Na mpishi anayetuambia asubuhi kuwa leo hakuna samaki wa usiku huu, kuna maharage, tunamheshimu kuliko anayetuficha.

Mlaji asimgombeze mhudumu kwa kosa la jikoni. Binti anayebeba sahani hakununua samaki, hakupima chumvi, wala hakuchelewesha moto. Tunakataza kumpigia miluzi, kumwita "wee", kumshika mkono au kiuno. Anayeona vitendo hivyo ni utani atafute pa kula kwingine.

Mwajiri naye anatuhusu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na mapumziko ya saa nzima kwa anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano. Hairuhusu mshahara ukatwe kwa ajili ya sahani iliyovunjika au mteja aliyetoroka bila kwanza mfanyakazi kuelezwa kosa kwa maandishi na kupewa nafasi ya kujitetea. Bakshishi ni shukrani ya mlaji, haiwezi kugeuzwa mshahara. Marekani waliacha mlango huo wazi: sheria ya shirikisho inaruhusu mhudumu anayepokea bakshishi alipwe na mwajiri dola 2.13 kwa saa, na kima hicho hakijaguswa tangu 1991. Hatutaki mtoto wa Mwamgongo ategemee tabasamu la mteja ili apate nauli ya boti.

Huduma nzuri nayo isemwe kwa sauti, mbele za watu. Mama aliyeamka saa kumi alfajiri kuwasha mkaa ili wavuvi wakirudi wakute uji wa moto, aliyemwongezea mzee mchuzi bila kuombwa, aliyemkimbilia abiria ufukweni na chenji aliyoisahau: huyu tumtaje kwa jina, tumpelekee na wateja wengine.

Tunaanza na vibanda vya ufukweni zinakofika boti. Kila kibanda kitundike ubao wa bei ulioandikwa kwa chaki. Mbalamwezi ikiwaka na wavuvi wakiwa nchi kavu, walaji, wapishi na wahudumu tukae baraza moja, aliyekosewa aseme mbele ya aliyemkosea, na daftari za madeni zifunguliwe hapo hapo kila mtu ahesabu lake. Kiingilio hakuna. Mwenye kibanda atakayekubali aseme lini ubao wake utakuwa tayari, nasi tutamletea chaki.