Staji si zawadi ya mjomba



Kila mwaka ni ile ile. Fakilte inabandika tangazo kwenye valvu: bila ripoti ya staji, hakuna diploma. Sekretariati inakupa barua yenye tampo, kisha unaambiwa: enda utafute. Utafute wapi? Hapo fakilte inanyamaza.

Basi tunapiga fotokopi kumi, kumi na tano. Tunapanda basi, karibu kilometa 300 mpaka Kolwezi, tunalala kwa rafiki wa rafiki, na asubuhi tuko mbele ya geti la kampuni. Mlinzi anapokea bahasha. Kabla hata ya kuuliza unasoma nini, anauliza: "Uko na nani mule ndani?"

Mwenye mjomba ndani anajibiwa kwa siku mbili. Asiye naye anangoja mpaka tarehe ya kutoa ripoti inapita, ama anaanza kusikia habari ya matabishi: toa dola kidogo, dosie yako ipande juu. Mwingine anaulizwa kabila la baba yake. Dada zetu wanaombwa mwili wao ili karatasi itiwe saini. Hiyo si "bahati mbaya", ni jinai, na sheria ya 2006 juu ya jeuri ya kingono inaiadhibu kwa kifungo.

Na kuko wale waliochoka, wanachukua ripoti ya zamani, wanabadilisha jina na mwaka, wanaisoma mbele ya profesa. Profesa anajua. Lakini injinia huyo siku moja atasimamia shimo, na watu watashuka ndani yake.

Wazee wa Gécamines wanapenda kutuambia kwamba wakati wao mambo yalikuwa sawa. Tusiamini yote. Ila hesabu iko wazi: 1986, Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. 2023, nchi yetu imetoa zaidi ya tani milioni 2, na sehemu kubwa sana imetoka hapa kwetu, Haut-Katanga na Lualaba. Shaba imeongezeka zaidi ya mara 4. Malori yanapita usiku na mchana kuelekea Kasumbalesa. Mwanafunzi wa Polytechnique bado yuko kwenye geti na bahasha yake.

Sisi tunasema hivi: anayelazimisha staji ndiye atafute nafasi. Tangu mfumo wa LMD uanze katika vyuo vyetu mwaka wa masomo 2021-2022, staji inahesabiwa kama kredi, sawa na somo lingine. Tunalipa minervali kwa ajili ya masomo yote. Je, chuo kinaweza kukuambia ujitafutie mwalimu wa hesabu barabarani? Basi chuo kiandikiane mikataba na makampuni, idadi ya nafasi ijulikane, na orodha ya waliochukuliwa ibandikwe kwenye valvu, pamoja na sababu ya kuchaguliwa kwao.

Makampuni nayo hayana kisingizio. Kodi ya madini ya 2018, yaani ile sheria mpya, inayalazimisha kutoa angalau 0.3% ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi, na kuandikiana nazo kaye de sharji. Pesa hiyo ni ya visima, shule na hospitali, hatutaki kuigusa. Lakini kwenye meza ile ile, machifu na wawakilishi wa jamii wanaweza kudai idadi ya nafasi za staji kila mwaka. Haigharimu sana: kofia, viatu, sahani ya chakula, transporti.

Transporti, ndiyo. Miezi mitatu ya kujilipia basi ni staji ya watoto wa matajiri tu. Watatujibu kwamba mwanafunzi haiko mfanyakazi. Sawa. Basi asipewe kazi ya mfanyakazi aliyefukuzwa jana, na asikae miezi yote anapika kahawa. Kifungu cha 36 cha Katiba kinasema kazi ni haki na wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani, tena yenye malipo ya haki.

(Wenzetu wa sheria, sosholojia na agronomia, hatukuwasahau. Kwenye maofisi ya serikali swali la "uko na nani" ni lile lile, ila geti ni dogo.)

Kwa sasa, tusiende tena mmoja mmoja. Muende kumi pamoja na CP wenu, barua zote siku moja. Msiache bahasha kwa mlinzi bila kopi yenye tarehe na saini ya aliyeipokea. Kopi nyingine ipelekwe kwa dekani, na nyingine ONEM, maana kushughulikia ajira ni kazi yao. Ukiombwa pesa ama mwili, usilipe: andika tarehe, saa, kiasi, na cheo cha aliyeomba, utuletee. Usitupe jina la mtu kwenye Facebook kabla hatujahakikisha, juu kesi itageuka iwe yako.

Tutakusanya orodha za promosio zote na kuzipeleka kwa madekani kabla ya tarehe ya mwisho ya ripoti. Majibu yao tutayaweka hapa, neno kwa neno.