Magadi si Peremende



Wapenzi wasomaji, juma hili tuzungumze juu ya kitu kidogo kisichokosekana katika majiko yetu mengi, yaani magadi. Mama hutia kipande katika chungu cha maharage au makande ili yaive upesi. Baba akivimbiwa baada ya karamu ya arusi, huyeyusha magadi kidogo katika maji akanywa. Naye mama mjamzito akichomwa na kiungulia, huvunja kipande akakilamba. Je, hii ni dawa kweli, au ni mazoea tu?

Ni dawa, wala wazee wetu hawakudanganyika. Jaribuni nyumbani: kamulieni limau juu ya magadi, nanyi mtaona yanatoa povu. Kamulieni juu ya chumvi ya kawaida, hamtaona povu. Sababu yake ni kwamba magadi yana nguvu ya kuua ukali wa asidi. Tumboni mwetu mna asidi isaidiayo kusaga chakula. Ikipanda kooni, ndicho kiungulia. Magadi yakifika tumboni huizima, hewa hutoka kwa mbweu, na mtu huona nafuu.

Lakini, ndugu zangu, kuzima moshi siko kuzima moto. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Hapa ndipo penye hatari, maana magadi hutuliza uchungu wakati ugonjwa wenyewe ungali unaendelea.

Kwanza nawaambia akina mama wajawazito. Kiungulia katika mimba ni jambo la kawaida, kwa kuwa mtoto akikua hulisukuma tumbo juu. Lakini yapo maumivu mengine yafananayo nacho. Mimba ikipita miezi 5, mama akiumwa juu ya tumbo, chini ya mbavu, tena kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, au uso na mikono ikivimba, hicho si kiungulia. Hizo ni dalili za kifafa cha mimba, ugonjwa uwezao kumwua mama na mtoto wake. Mama wa namna hiyo asilambe magadi akingoja kupambazuke. Apelekwe siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku, apimwe shinikizo la damu na mkojo. Baba, kazi ya kutafuta usafiri ni yako. Usiseme, "Ni mambo ya wanawake."

Tena, magadi huzuia vidonge vya kuongeza damu visifyonzwe vizuri mwilini. Mama alambaye magadi kutwa, kama wengine watafunavyo udongo, hujinyima damu ambayo kliniki inataka kumwongezea.

Pili, wazee wenye vidonda vya tumbo. Mwaka 1982 waganga wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walifaulu kuotesha kijidudu kikaacho tumboni, na ikaja kujulikana kwamba vidonda vingi hutokana nacho. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kijidudu hicho huuawa kwa dawa za hospitali, wala magadi hayakiui. Anayepata choo cheusi kama lami, anayetapika damu, anayekonda bila sababu, au ambaye chakula kinamkwama kooni, asikawie kwenda kwa mganga.

Naye mwenye shinikizo la damu ajue kwamba magadi yana sodiamu, ile ile iliyomo katika chumvi ya mezani. Ameambiwa apunguze chumvi. Akiacha chumvi na kushika magadi, hajapunguza kitu.

Tatu, watoto. Sehemu za Arusha na Kilimanjaro tumezoea kuona watu wenye meno ya rangi ya kahawia. Wengine husema ni ya ukoo. Sivyo. Ni madini ya floridi yaliyo mengi katika maji ya huko, na magadi ya upande wa kaskazini nayo huongeza madini hayo. Meno huharibika yangali yanajijenga ndani ya ufizi, katika miaka 8 ya kwanza. Basi chakula cha mtoto kisitiwe magadi. Hata maharage ya wakubwa, yalowekeni usiku kucha, mwage maji yale, kisha myapike. Yataiva mapema bila magadi, wala hamtapoteza vitamini B1, ambayo magadi huiharibu.

Mwenye kiungulia cha kawaida afanye hivi: ale kidogo kidogo, asilale mpaka zipite saa 2 au 3 baada ya kula, na ainue upande wa kichwa cha kitanda kwa matofali. Hata pasipo magadi, wengi hupata nafuu kwa njia hiyo.

Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chatufundisha kumheshimu mganga na kutodharau dawa zitokazo ardhini. Yote mawili yamo katika sura moja. Magadi yametoka ardhini, hatuyadharau. Lakini kijiwe hiki kisitufungie mlango wa zahanati. Jioni ya leo, baada ya sala, msomeeni mama mjamzito aliye nyumbani zile dalili za kifafa cha mimba, na mumewe asikie.

Mungu awalinde.

Ni mimi,
Karani wa Parokia