Tusiwashe Tena Moto wa Kuni Mlimani Elgon

Kila mwaka vijana wa shule yetu hupanda mlima Elgon, na kila mwaka gazeti hili hupata habari za safari hiyo: nani alichoka mapema, nani aliteleza matopeni, na jinsi wote walivyouzunguka moto mkubwa usiku wakaimba mpaka sauti zikakauka. Habari hizo husomwa kwa furaha. Mimi nami nimeuota moto huo mara tatu. Lakini leo nataka kusema jambo ambalo wengi hawatalipenda, hasa ndugu zetu waliokwisha kumaliza shule. Moto wa kuni kule juu tuuache, tena tuuache kwa hiari yetu.

Kwa wale ambao hawajafika, nitazieleza kambi zenyewe kidogo. Njia ya Sasa huanzia Budadiri, hupita katika migomba na kahawa, kisha hupanda majabali kwa ngazi na kuingia msituni. Kambi ya kwanza iko kando ya mto Sasa, kama meta 2,900 juu ya usawa wa bahari. Ya pili iko karibu na pango la Mude, kama meta 3,500. Usitazamie nyumba ya wageni. Utakuta mahali palipo sawa pa kusimamisha hema, choo cha shimo, na maji ya mto ambayo sharti yachemshwe. Bomba hakuna, umeme hakuna, duka hakuna. Ndivyo inavyopasa kuwa, na wale wanaotaka pajengwe jumba lenye vitanda na mashine ya umeme siwaungi mkono hata kidogo. Anayetaka kitanda na abaki Mbale.

Lakini mahali pasipo na kitu, mgeni huchukua kile anachokikuta, na anachokikuta ni miti. Kundi la kwanza huokota matawi makavu yaliyo karibu na hema. Kundi la pili huenda mbali kidogo. Kundi la tatu, likiwa limechoka na kulowa mvua, hukata mti ulio hai. Sisemi kwamba vijana wetu ni wabaya. Nasema kuni za karibu zikiisha, panga hufanya kazi.

Na tuyatazame maharagwe, maana kwa kweli kuni nyingi haziishi kwa nyimbo, zinaishia chini ya sufuria. Mwalimu wa fizikia ametufundisha kwamba kadiri unavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka mapema. Kule Mude maji huchemka kwa digrii kama 88 tu, si 100. Unaona mapovu, unadhani mambo yako tayari, kumbe maharagwe ni magumu kama changarawe. Nimemwona mpishi wetu akichochea moto tangu saa nane mchana mpaka saa mbili usiku, na bado tukala maharagwe yanayolia katika meno. Mzigo mzima wa kuni uliteketea kwa chakula ambacho hakikuiva! Tungechukua unga wa uji, chapati, karanga zilizokaangwa na samaki wakavu, tungeshiba mapema na kulala.

Tena miti ya kule juu si kama mikalitusi ya nyuma ya bweni, ambayo ukiikata inachipuka upesi. Chini, katika mianzi na mipodo, msitu bado una nguvu ya kujirudisha. Lakini ukitoka katika msitu ukafika kwenye nyasi na vichaka vya baridi, kuna ile miti ya ajabu inayofanana na kabichi kubwa iliyopandishwa juu ya gogo. Wataalamu huiita seneshio. Hukua polepole mno. Majani yake makavu hayaanguki. Hubaki yamelizunguka gogo kama koti, na kazi yake ni kuukinga mti usigandishwe na baridi ya usiku. Mgeni huyaona, husema, “Hizi ni takataka kavu, zinafaa kuwashia,” akazibandua. Amemvua mtu koti usiku wa jalidi.

Sasa nafika kwenye neno linalonikaa moyoni kuliko yote. Watu wa chini ya mlima, Wagisu na Wasabiny, waliishi na msitu huu tangu zamani. Walipata humo kuni, dawa, na malewa, yaani machipukizi ya mianzi ambayo hukaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga. Hifadhi ya Taifa ilipoanzishwa upande wa Uganda, miaka ya mwanzo ya 1990, wengine walitolewa katika mashamba yao. Leo vijiji kadha vina mapatano na wakuu wa hifadhi, kwamba watu waingie siku fulani kuokota kuni kavu kwa kiasi fulani. Mama anahesabiwa mzigo wake. Kisha sisi, watoto wa shule, tunapita mlangoni pake tukiimba, tunapanda juu, na kwa usiku mmoja tunaunguza kuni ambazo zingempikia juma zima. Tena tunaziunguza kwa ajili ya kujifurahisha. Mimi naona haya.

Hatari ya moto wenyewe pia haifai kusahauliwa. Oktoba 2020 moto uliwaka Kilimanjaro ukala zaidi ya kilomita za mraba 90, na wakuu wa hifadhi walisema ulianza mahali pa kupumzikia, watu walipokuwa wakipasha chakula. Mpishi mmoja na sufuria moja.

Labda mtu atauliza, “Je, baridi?” Kweli baridi ni kali. Kila ukipanda meta 1,000 joto hupungua digrii kama sita, na Mude iko juu ya Mbale kwa zaidi ya meta 2,000. Lakini moto hukuchoma magoti na kukuacha mgongo ukiwa barafu. Baridi inayoumiza usiku hutoka ardhini. Mwenye mkeka mnene au godoro jembamba chini yake, soksi kavu na fulana ambayo hakutembea nayo mchana, hulala vizuri kuliko yule aliyekaa motoni mpaka usiku wa manane kisha akaingia hemani na nguo za jasho. Na jiko la makaa lisiingizwe hemani kamwe, hata kwa dakika tano, kwa kuwa hewa yake yenye sumu haina harufu na humuua mtu usingizini.

Nyimbo je? Hapo nakubali kwamba tutapoteza kitu. Uso wa rafiki ukiangazwa na moto si sawa na uso ule ule kwenye taa ya kandili. Hadithi nazo hunoga zaidi penye moto. Sina jibu zuri, ila kwamba kwa kandili pia tumewahi kuimba, usiku ule kuni zilipolowa, na hakuna aliyekwenda kulala mapema.

Chama cha safari kitakutana kabla ya likizo ya Desemba. Napendekeza kiamue mambo mawili: kuni zisiwashwe juu ya Budadiri, na maharagwe yasipandishwe mlimani. Tutahitaji majiko manne ya mafuta ya taa. Shule ina moja, nalo lavuja. Wanafunzi wa zamani, ambao najua baadhi yenu mna majiko yanayoota kutu stoo tangu mlipoingiza gesi nyumbani, yaleteni kwa bwana wa stoo. Mafuta tutanunua wenyewe.